Mji wa Mimba Dirishani

Wazee wa ukoo wa aliyekuwa mume wangu waliitazama picha ya kizazi changu siku ya Jumapili, baada ya misa ya pili, wakiwa bado na makoti yao ya kanisani. Nitafika huko. Nikianza na wale wazee msomaji atacheka, na mimi sitaki acheke mapema.

Nilizaliwa Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, kwa watu wa muhogo na usipa, dagaa wa ziwa lile. Nikasoma, nikawa mwalimu wa Baiolojia, nikapangiwa shule ya sekondari Mbinga, juu milimani, kwenye baridi na kahawa. Huko ndiko nilikompata mwanaume mmoja wa Kimatengo, karani wa mizani kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka. Kazi yake ilikuwa kuandika malori yanavyoingia matupu na yanavyotoka yamejaa. Alikuwa msafi sana. Malori yale hutimua vumbi jeusi linaloingia hadi kwenye kopo la chumvi, lakini viatu vyake viling'aa saa zote. Tena alikuwa mpole, hagombi wala hapazi sauti. Mimi nilikulia kwenye nyumba ya watu wa kelele, nikauona ukimya wake kuwa ni hekima. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa kimya kwa sababu tu anaogopa.

Tulifunga ndoa kanisani. Ukapita mwaka, wa pili, wa tatu. Kila nilipokwenda kwao kijijini kusalimia, mama mkwe alinitazama tumbo kwanza ndipo anitazame uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," analijibu tumbo.

Shangazi wa mume wangu aliniletea mizizi ya kuchemsha, nikaichemsha. Mwalimu wa Baiolojia, mwenye shahada, nilikunywa maji meusi machungu kila asubuhi kwa miezi mitatu kwa sababu mwanamke mmoja asiyejua yai la binadamu linatoka wapi alisema yanafungua. Yanafungua nini, hakusema, na mimi sikuuliza. Kilichofunguka ni tumbo la kuhara. Niliingia darasani nikiwa nimejifunga kanga mbili ndani ya sketi.

Mwaka wa tano tukaenda Songea kwa daktari. Huyo nampa heshima yake, kwa kuwa ndiye mtu wa kwanza aliyemgeukia mume wangu.

"Nianze na wewe, baba," alimwambia. "Kipimo chako ni rahisi kuliko cha mama."

Mume wangu akapewa kikopo. Alikaa ndani muda mrefu, akatoka amekifunika kwa leso kama mtu anayeficha sigara mbele ya baba yake. Majibu tuliyapata siku iliyofuata. Mbegu zilikuwa chache, daktari akasema, na nyingi katika hizo chache hazikuwa na mwendo. Si kwamba hakuna. Zipo, ila zinahitaji kusaidiwa. Dar es Salaam kuna wataalamu wanaozisafisha, wanachagua zile zenye nguvu, kisha siku yai la mama linapokomaa wanazipitisha kwa mrija mwembamba moja kwa moja hadi ndani ya kizazi. Lakini kabla ya kufanya hivyo lazima kizazi chenyewe kitazamwe. Kionekane kina nafasi, hakina uvimbe, hakijashikana, na mirija iko wazi. Vinginevyo ni kazi bure.

"Huwezi kupanda mbegu kwenye shamba usilolijua," akamalizia, akitabasamu.

Kila daktari niliyekutana naye katika safari ile alinigeuza shamba. Hakuna hata mmoja aliyemwita mume wangu jembe bovu.

Tulipofika stendi kusubiri gari la kurudi Mbinga, mume wangu aliichana ile karatasi ya majibu vipande vidogo, akaingia nayo chooni, akatoka mikono mitupu. Alinunua maji ya chupa akanawa. Kisha akasimama karibu yangu.

"Mwalimu," akasema. Alizoea kuniita Mwalimu hata nyumbani. "Kule kwetu wasijue."

"Wasijue nini?"

"Wewe unawajua wazee. Baba mkubwa akisikia, nitaonekana si mtu."

"Na mimi wananionaje sasa hivi?"

"Wewe umeshazoea."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayemwambia mwenzake avae sweta kwa kuwa nje kuna baridi. Na mimi nikakubali. Tena nilijisikia mkubwa. Nilijiona ni yule mke wa kwenye mahubiri, anayemsitiri mumewe na kubeba msalaba wake bila kunung'unika. Katika watu wote ninaowadharau ndani ya kisa hiki, yule mwanamke niliyekuwa pale stendi ya Songea ndiye wa kwanza.

Tulikwenda Dar wakati wa likizo ya mwezi wa sita. Kipimo kilipangwa siku ya tisa tangu nianze hedhi, damu ikiwa imekwisha na yai jipya halijatoka. Kwenye ile kliniki tulikaa wanawake wengi kwenye mabenchi, kila mmoja na bahasha yake mapajani. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Wanaume waliokuja walikuwa mapokezi, kwenye televisheni, na wa kwangu akiwamo.

Chumba cha eksirei kilikuwa na baridi kuliko Mbinga ya mwezi wa saba. Nilivaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, nikalala juu ya meza ngumu, mashine ikining'inia juu yangu. Daktari alikuwa kijana mwenye manukato mazuri. Mpiga picha alikuwa mtu mzima. Nesi alisimama pembeni na fomu.

"Sogea chini, mama. Bado. Sogea tena. Panua miguu." Kisha, kalamu ikiwa tayari, "Una watoto wangapi?"

"Sina."

"Mimba zilizotoka?"

"Hakuna."

"Baba yuko wapi?"

"Anatazama mpira."

Aliandika. Sijui kama fomu ile ilikuwa na nafasi ya mpira, lakini aliandika.

Wakati huo daktari na mpiga picha walikuwa wakizungumza habari za kiwanja ambacho mpiga picha aliuziwa na mtu, kumbe mtu huyo alikuwa ameshakiuza kwa mwingine. Walizungumza huku wananiingiza chuma cha kupanulia. Kiwanja kilikuwa na mgogoro hadi serikali za mitaa, na chuma kikakazwa. Shahidi amekimbilia Tanga, na mrija ukapita mlango wa kizazi. Hapo nikakamata ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Sasa nasukuma dawa," daktari akasema, hatimaye akizungumza nami. "Utasikia kama tumbo la hedhi kidogo."

Nilisikia tumbo la hedhi zote nilizowahi kupata, limekusanywa na kuletwa siku moja.

"Daktari," nikasema nilipoweza kusema, "naomba nigeuziwe hiyo skrini."

"Utaelewa nini, mama?"

"Nafundisha kidato cha tatu mambo hayo."

Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu niingie. Akaigeuza.

Kwa miaka kumi nilikuwa nikichora mji wa mimba ubaoni kwa chaki, mkubwa kama ndoo, mirija imetanda pande mbili, na mishale ya majina. Wa kwangu ulikuwa mdogo. Dawa iliujaza ukaonekana mweupe kwenye giza, pembetatu ndogo iliyosimama kwa ncha, kingo zake laini kabisa. Halafu kutoka pembe zake mbili za juu zikaanza kutoka nyuzi mbili, nyembamba kama nywele, zikipinda taratibu, na mwishoni mwa kila uzi dawa ikamwagika na kutawanyika kama moshi. Kushoto kwanza, kisha kulia. Mpiga picha aliacha habari za kiwanja. Hata nesi alisogea.

"Safi," daktari akasema. "Mirija yote miwili iko wazi. Kizazi hakina kitu. Kisafi kama cha kitabuni."

Machozi yakanitoka. Nesi akanipa pamba akidhani ni maumivu. Hayakuwa maumivu. Kwa miaka mitano watu walinifanya niamini kwamba ndani yangu kuna kitu kilichooza, na mimi mwenyewe, pamoja na elimu yangu yote, mahali fulani pa siri nilikuwa nimeshaanza kuamini. Sasa nilikuwa nimekiona kwa macho yangu, kizima na kizuri. Katika habari hii yote hiki ndicho kitu pekee nisichokuwa na neno baya juu yake.

Tulipewa bahasha ya kaki, ndani yake ile picha kubwa na karatasi moja ya Kiingereza iliyosema kwamba kila kitu ni cha kawaida. Daktari akasema turudi mwezi ujao au unaofuata, na baba ajiandae kutoa mbegu tena. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi alikuwa ameipakata ile bahasha kama trei ya mayai. Nikadhani anafurahi. Nikadhani, maskini mimi, kwamba anaithamini.

Wiki ya pili baada ya kurudi, Jumamosi, niliitafuta bahasha kabatini sikuiona.

"Iko kwa mama," akasema.

"Imefikaje kwa mama?"

"Aliomba kuona. Niliwaambia tulikwenda kwenye vipimo vyako. Kesho tuende, wazee wanataka kuzungumza."

"Vipimo vyangu," nikasema.

"Mwalimu, tafadhali."

Nikaenda. Nilikuwa na hakika kwamba atakapoona mambo yanakuwa mabaya atasema. Nilimjengea sababu njia nzima. Labda alitaka kuwaambia wazee wote kwa mara moja. Labda alitaka picha iwe mbele yao kama ushahidi.

Nyumba yao iko ubavuni mwa mlima, juu ya mashamba ya ngolo, yale mashimo ya mahindi na maharage ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili udongo usishuke na mvua. Watu wanaoweza kuuzuia mlima usiporomoke si wajinga, nami sisemi kwamba ni wajinga. Nasema tu kwamba siku ile waliacha akili zao zote shambani.

Sebuleni alikuwapo baba mkubwa, kaka wa marehemu baba mkwe, ambaye ndiye mkuu wa ukoo. Alikuwapo baba mdogo, aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa miaka mingi na kwa sababu hiyo alihesabiwa kuwa nusu daktari. Alikuwapo shangazi wa mizizi, na mama mkwe, na wazee wengine watatu waliokuja kwa kuwa kulikuwa na chai. Niliwapigia magoti, nikawapa shikamoo mmoja mmoja. Mume wangu akakaa kwenye stuli karibu na mlango.

Baba mkubwa akaitoa picha kwenye bahasha. Karatasi ya maelezo ikaanguka chini, na hakuna aliyeinama kuiokota. Akampa baba mdogo. Baba mdogo akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga.

Aliishika kichwa chini.

"Hizi mimi nimezibeba sana," akasema. "Nazijua." Akainua kidevu. "Mnaona huu weupe? Huu ndio uvimbe."

"Huo ndio mji wenyewe wa mimba, baba," nikasema. "Na picha umeigeuza."

Hakunisikia. Wote wakaja dirishani. Hebu fikiria watu saba wazima, waliotoka kupokea komunyo saa moja iliyopita, wanasukumana wapate kuona ndani ya tumbo la mwanamke aliyesimama nyuma yao. Mzee mmoja aliomba miwani ya mwenzake. Mwingine alikuwa ameshika kikombe cha chai, na kila aliposogea aliimwagia chai shingo ya aliye mbele.

"Mbona kuna pembe?" shangazi akauliza. "Tazameni, mbili. Mimi sijaona mtu mwenye pembe tumboni."

"Hiyo ni mirija, shangazi. Hata wewe unayo."

"Mimi?" Akajishika kifua. "Mimi nimezaa nane!"

"Na hiki je?" Baba mdogo aligonga picha kwa ukucha, pale kilipoonekana kivuli cha kile chuma cha kupanulia. "Hiki ni nini? Chuma hiki. Jamani. Hiki ni kitanzi!"

Sebule ikapiga kelele. Kitanzi! Kumbe mwenyewe amejifunga! Kumbe anakunywa dawa zetu huku ameweka kitanzi! Nikawaeleza kwamba hicho ni kifaa cha daktari, kwamba kilitolewa palepale, kwamba bila hicho dawa isingeingia. Nilieleza polepole kama ninavyowaeleza watoto wa kidato cha kwanza, na watoto wa kidato cha kwanza wangeelewa.

"Na huu moshi wa huku mwisho?" baba mkubwa akauliza.

"Ni dawa imemwagika kutoka kwenye mirija. Maana yake iko wazi. Ndivyo inavyotakiwa."

"Imemwagika," mama mkwe akasema. Ndiyo kwanza alikuwa amefungua mdomo. "Kwa hiyo kizazi kinavuja."

"Hakivuji, mama."

"Umesema mwenyewe imemwagika. Mtoto atakaaje kwenye kizazi kinachovuja?"

Wakaguna wote kwa masikitiko. Basi, ugonjwa ulikuwa umepatikana. Baadhi yao walionekana wamefarijika, kama fundi aliyeona palipotoboka. Shangazi akasema watu wa ziwani wako hivyo, maji yamewazidi mwilini tangu utotoni. Baba mkubwa akarudi kwenye kiti chake, akakohoa, akatoa hukumu. Mkwe arudi kwao kwa muda, watu wake wamtafutie tiba wanayoijua wao, na kijana wao naye asizeeke mikono mitupu. Kuna familia nzuri Kitura. Walikuwa wameshazungumza nayo.

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Sema," nikamwambia.

"Niseme nini, Mwalimu?"

"Unajua la kusema."

Alijifuta kiganja kwenye goti. Nilimngojea. Hadi leo siamini jinsi nilivyomngojea, mbele ya watu wale, nikimtakia mema. Angesema nusu ya neno tu ningembebea nusu iliyobaki.

Hakusema. Basi nikasema mimi.

"Kizazi changu hakivuji na hakina kitanzi. Ni kizima, imeandikwa kwenye karatasi hiyo mnayoikanyaga. Aliyepimwa kwanza ni yeye, Songea. Mbegu zake ni chache na hazina nguvu. Picha hii nilipigwa ili tujue kama zikisaidiwa zitapata pa kufikia."

Hata yule mwenye chai aliacha kunywa. Baba mkubwa akamtazama mwanawe.

"Ni kweli?"

Mume wangu akainua uso. Alikuwa na uso wake uleule wa upole.

"Hapana, baba. Mimi ni mzima. Mwalimu amechanganyikiwa kwa uchungu, msimhukumu."

Msimhukumu! Aliniombea msamaha kwa kosa lake yeye. Shangazi akampigapiga bega, maskini kijana, anavyovumilia. Nami sikuwa na ushahidi, kwa maana ushahidi wangu ulikuwa umetumbukia kwenye choo cha stendi na nilikuwa nimeshuhudia ukitumbukia. Nikaiokota karatasi, nikaichukua picha mkononi mwa baba mdogo, ambaye aliing'ang'ania kidogo kama mtu anayenyang'anywa gazeti kabla hajamaliza, nikatoka.

Mama mkwe alinifuata hadi kwenye vichanja vya kuanikia kahawa, nyuma ya nyumba. Nikajua amekuja kunitukana. Badala yake alitazama kwanza mlangoni, akaanza kugeuzageuza kahawa kwa mkono.

"Ni kweli ulichosema?"

"Kweli, mama."

Hakushtuka. Aliokota buni moja mbovu akaitupa.

"Wewe umesoma lakini huna akili," akasema kwa sauti ya chini. "Mwanamke mwenye akili hapeleki kizazi chake kupigwa picha. Akishaona mwaka wa pili umepita, anajua pa kwenda. Anarudi, anazaa, na mume anafurahi. Nani anauliza?"

Ilinichukua muda kumwelewa, na nilipomwelewa nilitamani nisingemwelewa. Alikuwa ananiambia kwamba ningetafuta mwanaume mwingine kwa siri, nikamletea mwanawe mtoto. Sikumuuliza kama anasema ya kwake au ya jirani. Nilichokiona ni kwamba mwanamke huyu alikuwa ameujua ukweli, au aliushuku, miaka yote mitano aliyokuwa akiliamkia tumbo langu. Dakika chache tu nyuma alikuwa amesimama ndani akisema kizazi changu kinavuja. Wale wazee walikuwa wajinga. Huyu hakuwa mjinga hata kidogo, na nilimdharau zaidi kwa sababu hiyo.

"Mama," nikamwambia, "baki salama."

Sikurudi tena kwenye nyumba ile ya mlimani. Niliomba uhamisho, na katika ofisi zile kuomba shule ya kando ya ziwa ni kama kuomba adhabu, kwa hiyo sikucheleweshwa. Mume wangu alinisaidia kufunga mizigo. Alifunga kamba vizuri sana. Aliniambia kwamba mambo yakitulia tutazungumza. Nilipofika Kihagara mama yangu alikuwa anamenya muhogo. Aliuangalia mzigo, akaniangalia mimi, uso kwanza, akanisogezea kisu cha pili. Tukamenya hadi ungo ukajaa. Kwa siku nyingi hakuniuliza neno, na alipouliza nilimweleza yote, naye akasema maneno ya Kinyasa ambayo sitayatafsiri kwa kuwa na watoto wanaweza kusoma hapa.

Miaka miwili baadaye mume wangu alikuja. Ndiyo, bado tulikuwa mume na mke kanisani, ingawa yule msichana wa Kitura alikuwa ameshahamia kwake. Alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya walimu, na viatu vyake vikazama kwenye mchanga. Nilimpa kiti kibarazani. Akanipa habari za Mbinga, bei ya kahawa, mvua. Kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Nimekubali kupimwa tena," akasema.

"Vizuri."

"Nataka twende Dar tukamalizie ile tiba. Mimi na wewe."

Moyo wangu uliruka, nakiri. "Na wa Kitura?"

"Naye hajapata. Ila yeye hajapimwa kizazi. Ukianza naye ni kuanza upya, na hatujui watakuta nini. Wewe ulishapimwa. Kizazi chako kinajulikana ni kizuri."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa karani wa mizani, ameona lori moja limeshapimwa na lingine bado, akachagua lile litakaloondoka mapema. Moyo ulioruka ukarudi ukakaa mahali pake.

"Kawaambie wazee wako," nikasema. "Baba mkubwa, na baba mdogo, na shangazi. Simama pale dirishani uwaambie ulichoambiwa Songea. Kisha uje, tutakwenda."

"Hilo haliwezekani, Mwalimu. Wewe unajua."

"Najua."

"Mtoto akizaliwa hayo yote yatasahauliwa."

"Nenda nyumbani," nikamwambia.

Aliomba maji ya kunywa, nikampa. Alikunywa akamaliza, akashukuru, akakung'uta mchanga kwenye viatu kabla ya kupanda bodaboda, kazi isiyo na maana kwa kuwa alikuwa bado amesimama kwenye mchanga.

Sasa nina miaka arobaini na mmoja. Dharau haizai, wala sijawahi kusema inazaa. Nilimtaka yule mtoto. Nilimtaka hata awe na macho ya baba yake, hata awe na upole wake, ningemfundisha mwenyewe kusema. Zipo siku, hasa ninapofika kwenye mada ile ya kidato cha tatu na mikono ya wanafunzi imeinuka darasa zima, ninapolazimika kuwageuzia mgongo na kujifanya nafuta ubao.

Nasikia hatimaye alikwenda Dar na yule wa Kitura. Nasikia binti naye alilazwa kwenye meza akamiminiwa dawa, na kwamba walirudi wakiwa wamebeba bahasha. Walichoambiwa sijauliza. Watu wanaoshuka kutoka Mbinga hupenda kunisogelea sokoni waanze, "Unajua yule bwana wako..." Nami nawauliza hali ya watoto wao, nanunua usipa wangu, naenda zangu.